Jinsi Nilivyopiga Picha za Hekalu la Itsukushima kwa Kufuata Maji

Hekalu la Itsukushima, la dini ya asili ya Wajapani iitwayo Shinto, limejengwa ndani ya bahari, katika ghuba ndogo ya kisiwa ambacho watu wengi hukiita Miyajima, mkoani Hiroshima. Maji yakijaa, kumbi na vibaraza vyake huonekana kama vinaelea. Yakipwa, lango kubwa la torii lililo mbele yake hubaki juu ya mchanga na tope, na watu hulifikia kwa miguu. Nilizitaka hali zote mbili, pamoja na mwanga wa jioni na wa asubuhi, ilhali nafasi niliyokuwa nayo katikati ya safari ya kikazi ilikuwa ya kulala na kuamka tu. Kwa hiyo sikuanza kwa kufikiria lenzi wala hoteli. Nilianza na maji.

Idara ya Hali ya Hewa ya Japani huchapisha majedwali ya maji kujaa na kupwa ya mwaka mzima, na kipimo kinachotumika kisiwani ni chepesi kukumbuka: maji yakiwa chini ya sentimita 100 hivi, unaweza kutembea hadi kwenye lango, na yakipita sentimita 250 hivi, hekalu huonekana linaelea. Sisi tuliokulia pwani tunajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvu, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na kwamba siku za maji mafu bahari haijai sana wala haitoki sana. Nilichagua bamvu la Aprili, kwa sababu katika eneo hilo siku za bamvu maji hupwa sana alasiri, kisha hurudi taratibu jua likizama, yakajaa usiku na kujaa tena asubuhi ya pili. Mpangilio huo ulinipa karibu kila nilichokihitaji kwa mfululizo mmoja. Laiti ningekwenda siku za maji mafu, nisingepata lango likiwa nchi kavu wala hekalu likielea sawasawa.

Kutoka stesheni ya Hiroshima, treni ya kawaida huchukua takriban nusu saa hadi Miyajimaguchi, na feri huvuka kwa dakika 10. Mchana, feri ya kampuni ya reli ya JR hupita karibu na lango inapokwenda kisiwani, basi nilisimama upande wa kulia wa sitaha nikiwa na lenzi ya kuvuta mbali na kasi kubwa ya shata ili mtikisiko wa injini usiharibu picha.

Alasiri, maji yalipokuwa yametoka, nilivua viatu nikashuka ufukweni, na hapo ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Lango lililopo sasa lilijengwa mwaka 1875, lina kimo cha zaidi ya mita 16 na uzito wa tani 60 hivi, na halikuchimbiwa ardhini. Limesimama kwa uzito wake wenyewe juu ya vigingi vya msonobari vilivyopigiliwa chini ya tope, na boriti yake ya juu ina uwazi ndani uliojazwa mawe madogo ili kuongeza uzito. Ukarabati mkubwa ulioanza mwaka 2019 ulikamilika Desemba 2022, nami nilikuwa nimesubiri majukwaa ya mafundi yaondolewe kabla ya kufunga safari. Nguzo mbili kuu ni magogo ya mkafuri, na yameachwa na umbo lake la asili, yenye vinundu na mapindo chini ya rangi nyekundu inayoelekea chungwa. Nilichuchumaa kwa lenzi pana, nikaweka mbele vijiwimbi vya mchanga vilivyobaki na maji kidogo, ili sehemu ya chini ya nguzo ionekane pamoja na kivuli chake majini. Kwenye mti, viumbe wadogo wa baharini wenye magamba magumu wameshika hadi pale maji yanapofikia, na juu ya mstari huo rangi ni safi kabisa. Picha hiyo inaeleza maisha ya lango hilo kuliko picha nyingi za mbali nilizowahi kuona.

Rangi yenyewe inahitaji uangalifu. Nyekundu ile huungua upesi kwenye kamera ya dijitali na kupoteza alama za mti, hivyo nilipunguza mwanga kidogo kuliko kamera ilivyopendekeza, na nikahifadhi mafaili ghafi ili nisahihishe baadaye.

Jua lilipoinamia milima ya bara, nilihamia ufuo wa upande wa kijiji, nikasimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Baada ya jua kutua taa za lango huwashwa, na kipindi kizuri ni kile kifupi ambapo mbingu bado ina buluu na taa zimekwisha kushika, kwa maana giza likikolea lango hung'aa peke yake na milima hupotea. Niliacha shata wazi kwa sekunde kadhaa ili mawimbi yalainike. Wageni wengi wa mchana huwa wamekwisha kuondoka kwa feri, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulipia chumba kisiwani, ingawa bei zake si ndogo.

Hekalu hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndani sikutumia stendi, kwani vibaraza ni vyembamba na wanaokuja kusali wana haki kabla yangu; wanapoinama mbele ya madhabahu, kamera huwa chini. Umbo la majengo haya linahusishwa na Taira no Kiyomori, kiongozi wa kijeshi wa Japani ya kale, aliyelijenga upya hekalu mwaka 1168, na mbao za sakafu zimeachiwa nafasi katikati ili maji ya dhoruba yapenye badala ya kuinua sakafu. Nilipiga nafasi hizo kwa karibu, bahari ikimetameta chini yake, kisha nguzo za kibaraza zikifuatana hadi kwenye pindo. Jua lilikuwa bado nyuma ya mlima Misen, mwanga ukawa laini bila vivuli vikali.

Maji yalipokaribia kujaa kabisa nilizunguka hadi ufuo wa magharibi, ambako mapaa ya magome ya miti huonekana juu ya maji, na nyuma yake, kilimani, pagoda ya ghorofa tano ya mwaka 1407. Kwa mandhari hiyo nilitumia lenzi ya kati na kichujio cha kupunguza mng'ao, nikakizungusha hadi nusu tu, kwa sababu kukimaliza kunafuta taswira ya hekalu majini. Nilikaa hapo mpaka maji yakaanza kurudi, kisha nikaenda kwenye feri.