Flashi ya giga 2 na sauti isiyovuta pumzi

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa Githurai aliniletea wufa iliyokuwa ikikoroma kama mzee aliyeshiba. Nilibadilisha kapasita mbili, nikachomelea upya waya wa spika ya kushoto, kisha nikatafuta wimbo wa kuijaribu. Kwa kawaida natumia benga. Benga haifichi kitu: gitaa likianza kukimbia, twita mbovu, ile spika ndogo ya sauti za juu, inajianika yenyewe. Lakini flashi ya benga nilikuwa nimeisahau nyumbani Umoja, na kwenye droo palikuwa na nyingine ya zamani, giga 2, imefungwa kwa raba.

Ndani yake nilikuta Re:package. Albamu ya livetune, kundi la muziki la Kijapani, mwaka 2008, mwimbaji Hatsune Miku.

Miku si mtu. Ni programu iliyotolewa Agosti 2007 na kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo, Japani, ikitumia teknolojia ya Yamaha iitwayo Vocaloid. Mwigizaji Saki Fujita alirekodi vipande vya sauti, basi. Mengine unafanya mwenyewe: unapanga noti, unaandika silabi kwenye kila noti, unarekebisha nguvu na mtetemo hadi mashine iimbe. Zile nywele ndefu za feruzi na umri wa miaka 16 ni mapambo ya kasha.

Nilimpata 2009 katika saiba moja ya mjini, shilingi moja kwa dakika. Kebo ya intaneti ya Seacom ilitua Mombasa mwaka huohuo, ila saiba yetu ilikuwa haijapata habari. Kuipakua albamu kulinichukua jioni tatu. Kaka yangu alisikiliza nusu dakika akaniuliza kwa nini nimelipia katuni inayolia.

Sikujua neno hata moja la Kijapani, lakini niliimba. Kila silabi ilikaa mdomoni kama yetu: ka, ki, ku, irabu zilezile tano. Nilikuwa naandika maneno daftarini kwa kusikia tu. Katika wimbo Packaged kuna mishororo inayoishia kwa "kana", nami nikajiamulia kuwa ni kana yetu ya "kana kwamba". Baadaye nikasoma kwamba kwao ni neno la kujiuliza: sijui inafika, hii sauti yangu? Sikuwa mbali sana.

Zamani niliipenda sauti ile kwa usafi wake, inavyokwenda na kwenda bila kuvuta pumzi. Safari hii, baada ya miaka ya kushika solda hapa barabara ya Luthuli, Nairobi, nilichosikia ni viungo. Silabi inakutana na silabi, na pale katikati pana kidonge kidogo, kama risasi ya kuchomelea iliyopoa kabla ya kutandazika. Kz, mtunzi mkuu wa livetune, anavifunika kwa vinanda vya umeme na mdundo wa disko. Kwenye Last Night, Good Night, wimbo wa taratibu zaidi, kifuniko ni chepesi, na hapo ndipo nilipozima feni ili nisikie vizuri. Mtu aliketi akasukuma noti moja moja kwa kipanya, usiku, mpaka kiungo kikakubali. Sauti za kompyuta za siku hizi ni laini kuliko hii, lakini sioni fundi alipogusa.

Sisemi albamu yote ni dhahabu. Vinanda vilevile vya juu vinarudi hadi masikio yanawasha. Katikati niliruka nyimbo mbili.

"Fundi, huyu mtoto anaimba Kikorea?"

"Kijapani, mama. Tena si mtoto, ni kompyuta."

Alisogeza sikio karibu na spika ya kushoto, ileile niliyochomelea. "Haikoromi tena," akasema, akaomba nimpunguzie mia. Nikampunguzia. Kijana wa mkokoteni akaibeba wufa hadi stejini, na flashi yangu ikiwa bado imechomekwa.

Nilimpigia yule mama Jumatatu. Anasema ataileta, watoto hawajamaliza nayo.