Mdomo wa pono

Nilikuwa kidato cha pili Kilwa Masoko, wataalamu wa mambo ya kale wakaomba wanafunzi wa kusaidia kuchimba kule Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Tukavuka na mashua asubuhi, maji yametulia, na mimi kichwani nina Husuni Kubwa tu, lile jumba la sultani, na dhahabu ya Sofala kule Msumbiji na yule msafiri Ibn Battuta aliyefika 1331 kama tulivyokaririshwa darasani, nikajua leo lazima tuibuke na sarafu za masultani.

Tukapelekwa kwenye jaa. Jaa kweli, pale watu wa zamani walipokuwa wanamwaga taka za jikoni. Shimo limezungushiwa kamba, unakwangua udongo kwa mwiko kama wa fundi muashi, sentimita kumi zikiisha mnasimama, wanapima, wanapiga picha, ndo mnaendelea. Udongo wote unaletwa kwa ndoo kwenye chekeche, na chekeche ndo nilipewa mimi. Vumbi balaa. Vigae vya vyungu, makombe, mkaa, vigae tena.

Mchana kikabaki kitu kwenye waya, kama ukucha wa kidole gumba, kimepinda, kimejaa udongo, ukingoni vimeno vimebanana utadhani vimeshikwa na saruji. Dada mtaalamu kutoka Dar akakigeuza geuza, akasema mfupa huu, wa nini tutaangalia baadaye. Nikamwambia dada, huo mdomo wa pono. Akaniangalia. Nikamweleza mama yangu anauza samaki, pono nawaparua kila siku, mdomo wake ndo huo, kama wa kasuku, anagugunia matumbawe. Akanipa kalamu niandike mwenyewe kwenye mfuko: namba ya shimo, tabaka, tarehe, PONO. Mkono ulikuwa unatetemeka jamani. Masultani wote wale nimewasoma, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mji ule ulikuwa unakula samaki wetu hawahawa.

Jioni nikamsimulia mama. Pono hakumshangaza, yeye alitaka kujua walimchoma au walimpika na nazi. Sijui, mama. "Basi kesho kaangalie mfupa kama una weusi."

Nikaenda na swali lake. Mfupa ulishaoshwa kwa brashi, dada akautoa tukauweka juani, upande mmoja mweusi tii. Akasema tusikimbilie, inawezekana uliungulia palepale jaani wakichoma taka. Nikampelekea mama hayo maneno yote kama yalivyo.

"Kachomwa huyo," akasema, kisu mkononi, magamba yanaruka.