Kabati la Mama

Saa tano usiku. Nimekalia mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu viti vyote vya jikoni vimejaa vyombo, na mbele yangu lile sanduku jeupe linanguruma. Linanguruma, linanyamaza kama lililokumbuka jambo, kisha linaanza tena. Kila likinyamaza naangalia sakafuni kama kuna maji. Hakuna. Mama amelala, au anajifanya amelala; mlango wake ameuacha wazi.

Lavasto, ndivyo tuiitavyo nyumbani. Jina lake kamili la Kitaliano, lavastoviglie, marehemu baba alilitamka sawasawa. Sisi watoto tulilikata. Ni mashine ya kuosha vyombo, na aliileta kwa mkokoteni mwaka 1991. Baba alikuwa mpishi wa Mtaliano mmoja hapa Malindi, upande wa Casuarina. Yule bwana alipouza nyumba akarudi kwao, alimwambia baba achague kitu kimoja abaki nacho. Mwingine angechagua friji. Baba alichagua hii, na hadi leo hatujui kwa nini, maana hakuna aliyeisema vibaya kumshinda yeye. “Kwanza nazisuuza sahani kwa mkono,” alikuwa akituambia, “kisha nazipanga, kisha naingoja saa nzima na nusu. Hapo ningekuwa nimemaliza, nimeoga na nimeswali.”

Nyumba yetu ya Barani wakati ule ilikuwa na mfereji mmoja tu, nao uko uani. Kuiunga mashine hakukufikiriwa hata siku moja. Ila ndani yake mna vichanja viwili vya waya, na mlango wake una raba inayobana, haupitishi mende wala vumbi wala mkono wa mtoto. Mama alipoufungua mara ya kwanza alikipata kitu alichokitamani tangu aolewe: kabati la vyombo vya wageni. Akapanga humo zile sahani zake kumi na mbili nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, alizotunzwa harusini, na zikakaa humo miaka thelathini na zaidi. Zilitoka Iddi, zikatoka kwenye posa za dada zangu, zikarudi.

Sisi watoto tulikuwa na imani yetu. Tulijua Wataliano hurusha roketi Ngomeni, na ni kweli walirusha, kutoka jukwaa la San Marco kule baharini, ya kwanza 1967 na ya mwisho 1988. Basi kila bati jeupe lenye vitufe tulilihesabu ni masalio ya roketi. Kaka yangu aliwahi kumtia paka ndani ampeleke mwezini. Alichapwa, lakini kwa ajili ya sahani, si kwa ajili ya paka.

Sasa vidole vya Mama havikunjiki. Asubuhi hawezi kushika sufuria kwa mkono mmoja, na kuna siku hata kikombe humponyoka. Wasichana watatu nimemletea kumsaidia, wote watatu amewatoa makosa: huyu hasuuzi, huyu anapoteza sabuni, huyu anaimba. Nikiosha mimi, nikiondoka anarudia. Mwezi wa kwanza, kaskazi ikivuma, nilikuwa nafuta vumbi jikoni nikagonga ule mlango kwa goti, nikasimama nikaitazama mashine kana kwamba ndiyo kwanza inaingia nyumbani.

Nilimwita fundi, kijana wa Muyeye anayetengeneza mashine za kufulia za mahoteli. Alimwamkia Mama, akachuchumaa, akafungua bati la nyuma, akatazama muda mrefu bila kusema. Kisha: “Dada, hii usiiwashe leo. Wala kesho.”

Alianza na hita. Sikuwa najua kwamba hita ni waya uliopita ndani ya bomba la chuma, na kati ya waya na bomba mmeshindiliwa unga mweupe wa kuzuia umeme usivuke. Unga huo ukikaa miaka bila kupata moto hunywa unyevu, na hewa ya Malindi, yeyote aliyewahi kuwa na redio anaijua. Alipopima kwa mita, umeme ulikuwa unavuja kutoka kwenye waya hadi kwenye bomba, na bomba ndilo linaloguswa na maji, na maji ndiyo yanayoguswa na mtu. Nilidhani tutatafuta hita mpya. Akasema tuikaushe kwanza. Tukaianika juani siku mbili, kisha ikahitaji moto mdogo wa ovena kwa saa tatu. Mama aliuliza ovena itakaa saa tatu kwa ajili ya chuma kimoja? Haoni kwa nini moto upotee. Akatia na mkate wa sinia. Uliungua chini kidogo, lakini mita ilipowekwa tena, uvujaji ulikuwa umekwisha.

Mengine yalikwenda upesi zaidi, au labda nimeyasahau kwa kuwa niliyafanya mwenyewe kwa mikono. Mota ilikuwa imeganda. Tuliizungusha kwa spana taratibu hadi ikalegea, na kapasita yake ikabadilishwa. Taima nayo haina kompyuta yoyote. Ni diski za plastiki zenye mabonde na vilima, zinazunguka polepole zikisukuma vibati vya shaba: hiki kinaingiza maji, hiki kinawasha hita, hiki kinatoa maji. Vibati vilikuwa vimefanya kutu ya kijani. Nilivisugua kimoja kimoja kwa msasa laini, usiku, miwani puani. Sikumbuki lini nimewahi kufurahia kazi namna ile. Raba ya mlango ilikuwa imekauka kama ng'onda, tukaweka ya mlango wa gari. Ile mikono ya kurushia maji, matundu yake yalikuwa yamezibwa na chokaa. Niliiloweka kwenye maji ya ndimu ya unga, ile ya kutilia achari, nikayazibua kwa sindano. Jikoni kukanukia achari siku nzima na watu wakaja kuuliza kunapikwa nini.

Umeme ulitaka hesabu. Plagi ilikuwa ya Kitaliano, vijiti vitatu mstari mmoja, haiingii popote hapa. Ningekata nikafunga yetu ya ampea 13 na nisiwaze zaidi. Fundi akanionyesha kibati cha nyuma: volti 220, wati 2,400. Umeme wetu ni volti 240. Hita ile ile ikipewa volti 240 hula karibu wati 2,850, yaani ampea 12, na mota bado hujaihesabu. “Plagi itavumilia,” akasema, “mpaka siku itakapochoka.” Akavuta waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la swichi, wa milimita za mraba 4, na waya wa ardhi ulioshikwa kwa skrubu kwenye bati la mashine.

Maji ndiyo yaliyotutoa jasho. Siku ya kwanza ya kujaribu, mashine iliingiza maji, ikaingiza, ikaingiza, na haikujaa. Tulilala kifudifudi na tochi tukitafuta panapovuja. Hapavuji. Kumbe paipu ya kutolea maji tulikuwa tumeilaza chini moja kwa moja hadi kwenye shimo, kwa hiyo kila kilichoingia kilijivuta chenyewe kikatoka. Tuliipandisha ifanye shingo, kiasi cha sentimita 60 kutoka sakafuni, kabla ya kushuka, na hilo likaisha.

Likaja jingine. Tangi letu liko juu ya dari, na kutoka tangini hadi kwenye valvu ya mashine ni kimo cha mita nne. Presha hupimwa kwa baa, na mita kumi za kimo ndizo zinazokupa baa moja, kwa hiyo sisi tuna sehemu nne katika kumi ya baa. Kile kibati cha nyuma kinataka nusu baa. Upungufu ni mdogo, lakini valvu ile hutegemea msukumo wa maji yenyewe ifunguke vizuri. Isipoupata, hutiririsha uzi. Kujaza mara moja kulichukua dakika ishirini na tano, na mashine hujaza mara kadhaa. Fundi alikuna kichwa. Mama, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni bila kuinua uso, akasema: “Si mumimine kwa ndoo?”

Tulicheka. Halafu tukaacha kucheka. Taima ya mashine hii husimama inapojaza. Haiendelei mpaka swichi ya kimo isikie maji yametosha. Haijali yameingilia wapi. Ukifungua mlango inazima, unamimina, unafunga, inaendelea. Basi ndivyo ninavyofanya usiku huu. Nimehesabu: ndoo mbili na nusu za lita 20 kwa mzunguko wote. Naikogesha ili ioshe. Baba angecheka mpaka akae chini.

Kinachoniudhi hapo ni chumvi. Maji ya kisima chetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe na yamebeba chokaa, birika letu ni shahidi. Chini ya mashine mna chupa yenye chembechembe kama ushanga mdogo. Maji yakipita, ushanga unashika kalisi na magnesi, kisha chumvi huja kuusafisha ili ushike tena. Mimi, mtu wa Malindi, nikajua chumvi si tatizo, mashamba ya chumvi ya Gongoni yako hapo juu. Kumbe ile ya shambani haifai: ina mchanga, na ina magnesi ile ile unayotaka kuiondoa. Ya mezani nayo ina madini joto na dawa ya kuizuia isigande. Ilinibidi ninunue chumvi iliyosafishwa, kwa bei ya sukari, katika duka la vifaa vya mabwawa ya kuogelea. Na sasa namimina maji mlangoni, hayapiti kwenye ushanga hata kidogo. Glasi za majaribio zimetoka na madoa meupe. Mwisho wa mwezi nitanunua pampu ndogo.

Usiku mmoja nilipokuwa nikingoja taima nilisoma habari za mwanamke Mmarekani, Josephine Cochrane, wa mji wa Shelbyville, jimbo la Illinois. Alikuwa na sahani za kauri za thamani, na wafanyakazi wake walikuwa wakizimegua wakiziosha. Akakasirika, akapima sahani zake, akatengeneza vichanja vya waya vya kuzishika, na maji yarushwe kwa nguvu badala ya kusugua. Mumewe alikufa 1883 akamwachia madeni, na ile mashine ikawa riziki. Alipata hataza tarehe 28 Desemba 1886, na 1893 akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Nilimsimulia Mama.

“Mwanamke?” akauliza.

“Mwanamke.”

“Kwa ajili ya sahani zake.” Alitikisa kichwa kama anayemfahamu. “Si makosa.”

Kwa hiyo utaelewa jinsi nilivyokuwa mzito kumwambia lililofuata. Vyombo vingi vya jikoni kwetu haviingii humu. Sufuria za alumini hufanya weusi, kwa kuwa sabuni ya mashine ni kali. Mwiko na upawa wa kifuu hupasuka. Sinia halipiti mlangoni. Na kitu kingine kisichofaa kabisa ni ukingo wa dhahabu; mizunguko michache tu unafifia, mingine mingi unafutika. Zile sahani kumi na mbili, zilizoishi humu kuliko nilivyoishi mimi nyumbani kwangu, ndizo pekee katika nyumba hii zisizoruhusiwa kuoshewa humu.

Nilimwambia jioni, tulipokuwa tukizitoa. Alizipokea moja moja, akazipanga kwenye khanga juu ya meza.

“Sasa nyumba yao ni wapi?”

“Nitakununulia kabati, Mama. La kioo.”

Hakujibu. Na mimi nikapanga vikombe, sahani za kila siku na vijiko, nikatia unga wa sabuni, nikazungusha kitufe mpaka kikalia. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Mama alisimama nyuma yangu mpaka ndoo ya kwanza ikaisha, akauliza tokeni itakula yuniti ngapi, nikamwambia mbili na kidogo, akaguna, akaenda kulala.

Saa sita kasoro. Taima imelia. Nafungua, mvuke unanipiga usoni, miwani yafanya ukungu. Vikombe vimoto havishikiki. Vina madoa ya chokaa, na kimoja bado kina chai chini, lakini vimeoshwa, na hakuna kidole kilichouma.

Nasikia kandambili. Mama yuko mezani, beseni dogo mbele yake, na anaziosha zile kumi na mbili, ingawa hazikuwa chafu. Anazishika kwa viganja viwili, vidole vimenyooka, kama mtu anayepokea kitu cha kutunza. Sithubutu kumsaidia. Zinachukua muda. Anazifuta kwa khanga, anatazama ukingo kwenye mwanga.

“Hivyo vyako vishapoa?”

“Bado kidogo, Mama.”

“Vitoe.”

Navitoa, naviweka nilipopata. Anainama, anapapasa kichanja cha chini kama kimekauka, kisha anaanza kuzirudisha, moja moja, kila moja kwenye nafasi yake ya zamani. Anausukuma mlango kwa kiwiko mpaka raba mpya inabana.

“Siku ukitaka kuosha,” anasema, “niambie mapema nizitoe.”