Keria ya baiskeli nne: mradi uliotakiwa kuisha siku moja

Wiki ya kwanza

Haya, nimeanza kuandika nikiwa nimeshachelewa maana nlidhani hakuna cha kuandika hapa, ni kununua keria tu ya kubebea baiskeli kwenye gari, unachagua unafunga unaondoka. Tuko wanne nyumbani na baiskeli ziko nne. Mpaka juzi tulikuwa tunalaza viti, tunatoa matairi ya mbele na kusukumiza baiskeli mbili ndani, yani wawili wanaenda wawili wanabaki, afu kila tukirudi kuna grisi ya cheni kwenye viti. Mama watoto akasema safari ijayo ama twende wote ama tusiende kabisa.

Nikaanza vibaya. Siku tatu nzima nimekaa naangalia picha za keria, hii ina mikono mirefu, hii inakunjwa, hii rangi nyeusi nzuri, na kila moja imeandikwa inabeba baiskeli 4 kwa hiyo nikawa naona zote sawa tu. Ile namba 4 inasema kuna nafasi nne za kuweka baiskeli basi, haisemi kama gari lako litaweza wala kama hizo nne zako zitakaa pamoja bila kugombana. Nikafunga picha nikachukua mizani na futi.

Kupima baiskeli kwenye mizani ya bafuni ni rahisi kuliko nlivyofikiri, unapanda mwenyewe kwanza, afu unapanda umeibeba, unatoa. Mi nina kilo 81, na baiskeli ikasoma 95, kwa hiyo ya kwangu ni 14. Ya mama watoto 16 (ana kikapu na stendi ya chuma, hataki kuvitoa na mi sijasisitiza), ya kijana mkubwa 12, ya mdogo yenye tairi za inchi 20 ni kilo 9. Jumla 51. Hiyo 51 nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika kwenye mlango wa stoo, maana kila uamuzi uliofuata ulianzia hapo.

Wiki ya kwanza, bado

Jirani ana keria ya mikanda, ile unayoiegemeza kwenye mlango wa buti na kuishika kwa ndoano ndogo ndogo kwenye kingo za mlango. Akanipa nijaribu. Ni nyepesi, haihitaji gari liwe na kitu chochote cha ziada, na ukimaliza unaitupa ndani. Ila kwanza inabeba tatu, na gari langu lina ile plastiki inayotokeza juu ya kioo cha nyuma, mikanda ya juu ikawa inapita juu yake na kuibonyeza, nikaona hii itapasuka. Nikapakia mbili tu, nikazunguka dakika kumi nikasimama kuangalia, mikanda imeshalegea na pedali ya ya kwangu imeshaanza kuchora rangi ya bampa. Nikavuta upya, nikafunga miisho ya mikanda isipepee, nikaenda tena, ikalegea tena kidogo. Hapo sijaendesha barabara kuu bado.

Siwezi kusema ni mbaya. Mtu mwenye baiskeli mbili nyepesi na gari lenye mgongo ulionyooka atafurahi nayo miaka. Ushauri wangu hapa ni mmoja tu, futa vumbi kwenye rangi kabla ya kuegemeza zile sponji, maana vumbi chini ya sponji ni msasa. Na chungulia tairi la chini limening'inia wapi, kama liko usawa wa bomba la moshi hewa ile ya moto italipika.

Wiki ya pili: juu ya paa

Hii nliipenda kwa sababu ya picha nzuri, nakiri. Faida zipo, buti linafunguka kama kawaida, namba na taa hazizibwi, huhitaji ndoano ya trela. Kitabu cha gari kinasema paa langu linabeba kilo 75, ila kumbe ni pamoja na vyuma vyenyewe, siyo mzigo peke yake! Vyuma viwili vya kukatisha kama kilo 6, reli nne za baiskeli kilo 4 kila moja ni 16, hiyo ni 22, jumlisha 51 inakuwa 73. Imeingia. Nikafurahi dakika tano hivi.

Afu nikatoka nje nikanyanyua baiskeli ya kilo 16 mpaka juu ya kichwa, mikono imenyooka, nikajifanya natafuta reli. Mara moja inawezekana. Mara nne kwenda na mara nne kurudi, umechoka, miguu inatetemeka, tope linadondoka usoni, hapana. Na mama watoto akiwa peke yake na watoto atafanyaje? Halafu kuna lile la kusahau, gari lenye baiskeli juu linafika mita mbili na nusu na zaidi, na mtu anayeingia chini ya kenchi ya maegesho huku akiwaza mambo mengine simlaumu maana najijua, ningekuwa mi. Upepo nao, baiskeli nne juu ni kama umefungua dirisha dhidi ya upepo njia nzima, mafuta yanakwenda.

Paa likafutwa.

Wiki ya pili mwishoni: ndoano

Kwa bahati gari lilikuja na ndoano ya trela, ile yenye kichwa cha mviringo cha milimita 50. Kuna magari yenye tundu la mraba badala yake, la inchi 1.25 au inchi 2, na keria zake ni za kuchomeka, haziingiliani na hizi za kubana kwenye mviringo, kwa hiyo angalia lako ni lipi kabla hujaipenda keria ya mtu.

Pembeni ya ndoano kuna kibati. Nikalala chini na tochi nikakisugua kwa brashi ya waya, kikasoma 75. Hizo ni kilo zinazoruhusiwa kukandamiza ndoano kwenda chini, na hazina uhusiano na uzito wa trela linalovutwa, nimekutana na watu wawili wanaochanganya hivi vitu viwili. Keria yenyewe inahesabiwa humo humo.

Za ndoano ziko za aina mbili. Za kuning'iniza, mikono miwili inatoka nje unapitisha chini ya bomba la juu la fremu, baiskeli zinaning'inia kama nguo. Nyepesi, na ya rafiki yangu ilikuwa na kilo 12 tu. Ila ya mama watoto haina bomba la juu, imeshuka chini kwa ajili ya kupanda kirahisi, na ya mdogo fremu yake ni ndogo sana mikono miwili haiingii. Kuna fimbo ya kuunganisha kiti na usukani ili upate bomba la juu la bandia, tukaijaribu kwa ya mama watoto, baiskeli ikakaa imeinamisha kichwa na kila ukisukuma gari inabembea na kugonga mwenzake. Za kijana na yangu zilikaa vizuri kabisa. Mbili kati ya nne, haitoshi.

Aina nyingine ni ya trei, matairi yanakaa kwenye mifereji na mkono wenye kibano unashika fremu. Nzito, ni kubwa kuhifadhi, ila baiskeli yoyote inakaa, hata isiyo na bomba la juu, na unanyanyua mpaka usawa wa goti tu. Niliyoipata ina kilo 20. 20 na 51 ni 71, kibati kinasema 75. Nimebakiza kilo nne. Nikaichukua.

(Fremu ya kaboni usiibane na kibano cha kawaida, kuna keria zinazoshika tairi peke yake bila kugusa fremu, za hivyo ndizo za kutafuta. Zetu ni aluminiamu na chuma kwa hiyo nimepita haraka.)

Wiki ya tatu: kufunga

Kuna wenzo wa kubana kwenye mviringo. Ukiushusha kirahisi kwa mkono mmoja ujue haijabana, unakaza nati kidogo, unajaribu tena, mpaka ikutake utumie uzito wa mwili. Mara ya kwanza nlikaza kidogo mno, keria ikawa inaenda kulia kushoto kama mkia. Nikafuta grisi kwenye mviringo (niliyoipaka mwenyewe mwaka jana kwa ajili ya trela, kumbe), nikakaza, nikaitikisa, gari zima likatikisika nayo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Umeme ukanichelewesha siku mbili. Keria inaziba taa na namba za gari, na nchi nyingi sheria inataka vionekane, kwa hiyo ina taa zake na mahali pa kubandika namba. Plagi ya keria ina pini 13, soketi ya gari ina pini 7. Unahitaji kiunganishi kidogo katikati, kitu cha ukubwa wa ngumi, ambacho sikuwa nacho. Kikaja, indiketa ya kushoto ikawaka, ya kulia kimya. Pini ina kutu. Msasa laini, imewaka.

Sasa kupakia ndio nlifikiri ni dakika tano. Saa moja na nusu! Baiskeli nne zimesimama karibu karibu hivyo, usukani wa hii unaingia kwenye kiti cha ile, pedali ya ile iko kwenye spoki za nyingine. Unageuza moja kichwa kulia inayofuata kichwa kushoto, hiyo ni ya kuanzia tu. Baada ya hapo ni kushusha viti, kuzungusha pedali mpaka zipishane, na ya mwisho kabisa ni kutoa pedali moja ya kijana maana haikuwa na pa kwenda. Hapo nlipigana na spana ya 15 kama dakika kumi kabla sijakumbuka kwamba pedali ya kushoto uzi wake ni wa kinyume, unafungua kwa kuzungusha kama unakaza ya kawaida. Kila mwaka nasahau.

Mpangilio ulionifaa: nzito zaidi karibu na gari, nyepesi mwisho nje. Kilo ikiwa mbali na gari inaivuta keria kwa nguvu kuliko kilo hiyo hiyo ikiwa karibu, kama ndoo unayoibeba mkono umenyooka. Nimepiga picha nikachora na chaki rangi tofauti kwenye kila trei, mara ya pili tumepakia kwa dakika 25.

Safari ya majaribio, nusu saa. Baada ya dakika kumi na tano tukasimama, mkanda mmoja wa tairi umelegea kidogo tu, vibano vyote viko sawa. Matatizo mawili. Sensa za kurudi nyuma zinaona baiskeli na kupiga kelele bila kukoma, nimezima. Na gari limekuwa refu kwa karibu mita moja ambayo kichwa hakiikumbuki, na nyuma limekaa chini, kwenye kijimwinuko cha kuingilia getini trei ya mwisho ilikwangua. Saivi naingia kwa pembeni, polepole.

Wiki ya nne

Mama watoto ananunua baiskeli ya umeme. Nimeambiwa jana, kwa furaha, na mi nikafurahi, afu nikaenda kusimama mbele ya mlango wa stoo.

Kilo 24. Inachukua nafasi ya ile ya 16, kwa hiyo jumla ya baiskeli inatoka 51 mpaka 59, na keria 79. Imezidi. Betri inatoka, kilo 3, nayo ni vizuri isafiri ndani isinyeshewe, tunabaki 76. Kilo moja! Nikapima tena kila kitu nikitumaini mizani ilinidanganya, wapi. Na kwenye hii keria kila trei ina kiwango chake, ya kwanza na ya pili kilo 25, ya nje kabisa 15, kwa hiyo ya umeme haiwezi kukaa popote isipokuwa karibu na gari, pale pale ilipokuwa ile yake ya 16.

Jibu limetoka kwa mdogo mwenyewe, kasema ya kwake ni ndogo, iingie ndani. Nimejaribu leo asubuhi, tairi la mbele limetoka, imelala kwenye buti juu ya turubai bila kugusa viti. Juu ya ndoano sasa ni keria 20, ya umeme bila betri 21, yangu 14, ya kijana 12, jumla 67. Trei moja inabaki tupu, kwa hiyo nimeweza kuacha nafasi kati ya ya kijana na ya kwangu na pedali yake haitoki tena.

Kwa hiyo nimenunua keria ya baiskeli nne na nitabeba tatu. Kilichobaki ni kufuli, iliyokuja nayo inafunga keria kwenye ndoano tu, na mnyororo nlionao haufiki trei ya kwanza. Kesho napima urefu kwa kamba.