Nilivyopiga Windows 7 kwenye mashine mpya ya kuunga, kibodi na mausi vikiwa vimekufa

Wakuu naandika hii kwa sababu najua kuna mtu yuko kwenye hali ileile niliyokuwa nayo na anakaribia kukata tamaa. Shemeji yangu ana ofisi ya stika hapa Mwanza, anakata majina ya daladala, maandishi ya bajaji, matangazo ya vioo vya maduka, na plota yake (mashine ya kukatia stika) ni ya zamani ila kisu bado kinakata safi kabisa. Draiva ya hiyo plota, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta, iliishia Windows 7. Sasa umeme ukaja kwa nguvu, madabodi ya kompyuta yake ikaungua, tukamuungia nyingine: madabodi ya H110, prosesa ya Core i5 kizazi cha 6, ramu GB 8, na SSD ya SATA. Windows 10 tuliiweka kwanza, plota ikaonekana vizuri tu lakini inafika katikati ya herufi inasimama, roli inaharibika, na roli ni hela. Nikamwambia shem hapa ni kurudi Windows 7.

Flashi ya kuinstolia nikaitengeneza kwa Rufus, programu ya kazi hiyo, ikabuti, neno la kuanza Windows likatokea, ikafika pale pa kuchagua lugha. Hapo ndipo kila kitu kilikufa. Kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka) kibodi na mausi vilikuwa vinafanya kazi, nikifika kwenye hiyo skrini taa ya mausi inazima, kibodi unabonyeza Num Lock haiwaki, unahamisha porti zote za nyuma na za mbele hakuna kitu.

Mashine haikuwa mbovu na flashi haikuwa mbovu. Windows 7 ilitoka 2009, na ndani yake haina draiva ya USB 3.0. Kwenye madabodi za zamani haikuwa shida kwa sababu kulikuwa na kontrola (chipu inayoendesha porti) ya USB 2.0 pembeni, lakini kuanzia chipseti (chipu kuu za madabodi) za Intel za mfululizo wa 100, H110 yetu ikiwemo, zilizokuja na prosesa za kizazi cha 6 mwaka 2015, ile kontrola ya zamani iliondolewa na porti zote zinapita kwenye ya USB 3.0, hata zile nyeusi ambazo kwa macho unaona ni USB 2.0. Kwahiyo ukibadilisha porti mpaka kesho hupati kitu.

Madabodi yetu kwa bahati ina ile porti ya duara, PS/2, nusu zambarau nusu kijani. Nikatafuta kibodi ya zamani yenye ile pini ya duara, fundi mmoja jirani akaniazima, nikaichomeka mashine ikiwa imezimwa, ikafanya kazi mara moja. Nikasogea kwa Tab na Enter, nikabonyeza kuinstoli, na hapo ukaja ujumbe unaosema inakosekana draiva ya CD/DVD. Huu ujumbe unapoteza watu sana, wanaanza kuhangaika na diski, wanashusha ISO (faili zima la kuinstolia Windows) nyingine, wakati mashine haina hata DVD. Maana yake ni kwamba programu ya kuinstoli haiioni flashi iliyotoka nayo, kwa sababu flashi nayo ni USB.

Dawa ni kuiwekea draiva kabla hujaanza. Nikachukua laptop yenye Windows 10, nikashusha draiva ya USB 3.0 ya Intel ya Windows 7, ya 64 biti kwa sababu ISO yangu ni ya 64 biti, nikatumia DISM, amri ya kurekebisha mafaili ya kuinstolia, ambayo tayari imo ndani ya Windows. Kwenye flashi, ndani ya folda ya sources, kuna faili la boot.wim na la install.wim. Unafungua boot.wim namba 2, hiyo ndiyo programu yenyewe ya kuinstoli, unaingiza draiva, unasevu, unafunga. Halafu, na hapa wengi wanaparuka, unafanya hivyohivyo kwenye install.wim kwa toleo unalotaka kuweka, mimi ilikuwa Professional. Ukiiacha, kuinstoli kutaenda vizuri mpaka mwisho, mashine irestati, ufike kwenye kuandika jina la mtumiaji, na kibodi inakufa tena.

Upande wa BIOS nilizima Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) na nikawasha CSM (hali ya kuwasha kwa mtindo wa zamani), maana bila CSM Windows 7 huwa inastaki kwenye nembo ya kuanzia na haisogei. SSD ilikuwa na mpangilio mpya wa GPT kutokana na Windows 10 ikakataa, nikabonyeza Shift na F10, nikaingia diskpart (programu ya kupanga diski), nikachagua diski, clean inayofuta kila kitu, halafu convert mbr kurudi mpangilio wa zamani. Angalia sana namba ya diski kabla ya clean, kama kuna diski nyingine yenye kazi za wateja ichomoe kabisa.

Baada ya hapo ilipita bila tabu. Draiva za chipseti, grafiki na netiwaki nilikuwa nazo tayari kwenye flashi, nikaweka masasisho mawili ya Microsoft, KB4490628 kwanza halafu KB4474419, bila hizo mbili draiva na programu nyingi za miaka ya karibuni zinakataliwa saini. Plota ikakata jina zima la bajaji bila kusimama, shem akalibandika palepale.

Ile mashine nimeitoa kwenye intaneti. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwahiyo kazi yake ni plota tu, michoro inatengenezwa kwenye laptop, M-Pesa na email haviguswi pale.

Kwa mwenye kizazi cha 7, USB utaitatua hivihivi ila grafiki ya ndani ya Intel haina draiva rasmi ya Windows 7, tafuta kadi ya grafiki ya kuchomeka yenye draiva, kama GTX 1050. Na kama SSD yako ni NVMe (aina mpya isiyotumia SATA), ingiza pia sasisho la KB2990941 kwenye yale mafaili mawili, la sivyo diski haitaonekana kabisa.