Makatambuga ya Bibi

"Baba, mbona umevua ndala?"

Sikuwa hata na habari kwamba nimezivua. Ilikuwa Jumamosi Kuu, mimi na kitinda mimba wangu tumejibwaga sebuleni, tunatazama The Ten Commandments kwenye ile televisheni mpya iliyozua maneno humu ndani. Filamu ni ya 1956, lakini imesafishwa mpaka unaweza kuhesabu ndevu za Charlton Heston, aliyeigiza Musa. Kichaka kilikuwa kinawaka. Nikamjibu kwamba miguu inaniwasha.

Mara ya kwanza niliiona kigangoni, Njombe, Jumatatu ya Pasaka. Padri alikuja na deki, televisheni ya inchi 14 na kanda mbili, maana filamu ina saa tatu na dakika 40. Jenereta lilinguruma nje karibu na choo. Mwanzoni kabisa anatokea mzee mwenye kipara, anapenya pazia na kuanza kuhutubia. Ukubwani ndipo nikajua kuwa ni Cecil B. DeMille, mwongozaji mwenyewe. Siku ile katekista, mkalimani wetu, alitutangazia kuwa huyo ni Baba Askofu wa Marekani. Kina bibi wakamwamkia kwa pamoja: "Kamwene!"

Kiingereza cha katekista kilikuwa cha kuungaunga na hakuna aliyejali. Firauni aliongea weee, katekista akatuambia: "Amekataa."

Kwenye kichaka, hata hivyo, hakuhitaji Kiingereza. Sura ya 3 ya Kitabu cha Kutoka alikuwa nayo kichwani. Akasimama, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata siku za mazishi: "Vua viatu vyako miguuni mwako, maana mahali hapo unaposimama ni nchi takatifu."

Bibi, aliyekuwa ubavuni kwangu, akainama. Nilidhani kaangusha rozari. Akachomoa mguu mmoja kwenye katambuga, kisha wa pili, akayasukuma chini ya benchi na kuyapanga sawasawa, kama mtu anayeingia kwa wakwe. Akakanyaga saruji, na baridi ya Njombe mnaijua. Mama wa mbele yetu akageuka, akaona, naye akavua. Halafu benchi zima. Halafu ukawa ni mkwaruzo wa mipira sakafuni ukielekea nyuma, mpaka mlangoni walikosimama wanaume. Kwenye kioo Musa naye alikuwa peku.

Mimi nilikuwa na viatu vya Pasaka, vyeusi, vya kamba, siku ya pili tangu vinunuliwe. Nyuma yangu walikaa wavulana wa ng'ambo ya mto, watu ambao nisingewaachia hata kijiti. Nikaikunja miguu chini ya benchi. Bibi akaitazama. Hakusema kitu, akarudisha macho kwa Musa.

Kanda ya pili ilipita upesi: mto wa damu, mvua ya mawe, ule ukungu wa kijani uliotunyima usingizi wiki nzima. Bahari ikafunguka, watu wakaanza kuingia na mbuzi wao, na jenereta likakohoa. Petroli imekwisha. Mtu mmoja alicheka, akanyamaza.

Tulirudi kwa mwanga wa kandili. Bibi alitembea peku njia nzima, makatambuga mkononi. "Wamebaki humo," alisema, si kwangu. Umeme ulifika kijijini baada ya sisi kumzika.

Sasa kwenye televisheni hii hata mishono inaonekana. Bahari ilipofunguka, mwanangu akaona mara moja ule mstari mwembamba uliomzunguka Musa, akauliza nani kamkata na mkasi. Nikasimamisha picha. Nikamweleza kwamba walimwaga maji kwenye tangi kubwa, kisha wakaicheza picha kinyumenyume, na kwamba filamu ilipata Oscar kwa ufundi huo.

Akafikiri. "Kwa hiyo bahari haikufunguka. Ilijifunga."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze habari za Bibi. Nikaendelea na habari za tangi.