Nimejigonga kichwa kwenye mlango wa karne ya 17

Leo mchana nimeingia Fairbanks House, pale Dedham, Massachusetts, Marekani. Jamani!

Nyumba ya mbao, ya kati ya 1637 na 1641. Umri wake umepatikana kwa kuhesabu pete za miti (duara za ukuaji wa kila mwaka) kwenye boriti zenyewe. Ukoo mmoja, vizazi vinane, umeishi humo hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Milango mifupi. Nimejigonga mara mbili (ya pili wanangu hawakujificha kucheka).

Paa limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee.

Kilichonishika ni boriti moja ya mwaloni, nyeusi tii. Alama za shoka bado zipo, pigo kwa pigo. Nilitamani kuigusa, nikarudisha mkono mfukoni.

Nyumba kongwe kuliko zote mliyowahi kuingia ni ipi? Semeni.